Binti wa Glendower kwenye Barabara ya Harry Thuku

Katika Shule ya Upili ya Alliance, kule Kikuyu, mwaka haukuisha bila Shakespeare. Carey Francis aliiongoza shule hiyo kuanzia 1940 hadi 1962, na chini yake igizo la kila mwaka lilikuwa shughuli ya shule nzima. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia pale 1955 na kumaliza 1958, ameandika kwamba katika kipindi hicho alitazama As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Nje ya lango la shule, Hali ya Hatari ilikuwa imepamba moto. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji alichokiacha kimebomolewa, na watu wake wamehamishiwa kijiji kipya chini ya ulinzi wa askari. Kijiji hicho kipya kiliitwa Kamĩrĩĩthũ.

Katika yale maigizo manne, Henry IV ndilo ninalotaka tulikalie. Linahusu waasi. Kiongozi wao mmoja, Owen Glendower, anatoka Wales, nchi ndogo ya milima ambayo wafalme wa Uingereza walikuwa wameiteka zaidi ya miaka mia moja kabla ya uasi wake. Vijana waliolitazama igizo hilo kule Kikuyu walikuwa na ndugu vizuizini, wengine wakiwindwa katika misitu ya Nyandarua. Waliambiwa hii ni fasihi bora ya Kiingereza, na ni kweli. Lakini katikati yake kuna dakika chache ambapo Kiingereza chenyewe kinanyamaza.

Ni katika kitendo cha tatu. Waasi wamekutana Wales, wametandaza ramani, wanagawana nchi ambayo bado hawajaishinda. Mmoja wao, Mortimer, ni Mwingereza aliyetekwa vitani na Glendower na kuishia kumwoa binti yake. Huyo binti hajui Kiingereza hata kidogo, na mumewe hajui Kiwelisi. Anaposikia kwamba Mortimer anaondoka kwenda vitani, analia na kusema naye kwa lugha yake, na baba yake anasimama katikati kama mkalimani wa ndoa. Mortimer anaapa kwamba hatatulia mpaka ajifunze lugha ya mkewe. Kisha binti anamwita alaze kichwa chake mapajani pake, anamwimbia kwa Kiwelisi, na wanaume wenye haraka ya vita wananyamaza wakimsikiliza.

Ukifungua kitabu kutafuta maneno yake, huyakuti. Chapa ya kwanza ilitoka London 1598, na pale anapozungumza pameachwa maelekezo tu ya mwigizaji: bibi anasema kwa Kiwelisi, baba anamjibu kwa Kiwelisi, bibi anaimba wimbo wa Kiwelisi. Mwandishi aliyeweza kumpa kila mlevi wa mkahawani usemi wake hakumwandikia mwanamke huyu hata sentensi moja. Maana yake ni kwamba katika kikundi cha Shakespeare kulikuwa na kijana aliyekijua Kiwelisi, na pengine mwigizaji mtu mzima wa kumjibu, ambao kila jioni walileta maneno yao wenyewe. Mchapishaji hakuwa nayo, kwa hiyo hatunayo. Hadhira ya London ilisikiliza lugha ambayo wengi hawakuielewa, na haikulala wala kutoka nje.

Huyo binti aliwahi kuishi. Aliitwa Catrin. Baba yake, Owain Glyndŵr, alitangazwa mkuu wa Wales tarehe 16 Septemba 1400 na kupigana na Waingereza kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mortimer alitekwa 1402 na kumwoa Catrin mwaka huohuo, kisha akafa wakati ngome ya Harlech ilipozingirwa 1409. Ngome ilipoanguka, Catrin na watoto wake walipelekwa London na kufungiwa Mnarani. Kufikia mwisho wa 1413 alikuwa amekufa, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Swithin. Leo pale pana mnara wa kumbukumbu wenye maandishi ya Kiwelisi, katikati ya mabenki ya London. Shakespeare aliuacha mwisho huo nje ya igizo. Alichukua sauti tu.

Tunapaswa kuuliza kwa nini London ya miaka ile ilikuwa na hamu ya kusikia Wawelisi jukwaani. Mwaka 1536 Bunge la Mfalme Henry wa Nane lilipitisha sheria ya kuiunganisha Wales na Uingereza, na ndani yake likaweka kifungu kwamba mtu anayetumia Kiwelisi asishike wadhifa wowote wa serikali ila atumie Kiingereza. Mahakama za Wales zikaendeshwa kwa lugha ambayo washtakiwa wengi hawakuielewa. Mkenya yeyote ambaye bibi yake alisimama mbele ya D.C. akimtegemea karani wa kutafsiri anajua hali hiyo. Lakini ufalme huohuo ulihitaji Wawelisi wawe Waprotestanti, na hawangeongoka kwa lugha wasiyoijua. Kwa hiyo 1563, chini ya Elizabeth, Bunge likaagiza Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi. William Salesbury na wenzake walitoa Agano Jipya 1567, na Askofu William Morgan akakamilisha Biblia nzima 1588. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba bila kitabu hicho lugha ingedhoofika vibaya. Mkono mmoja uliitoa lugha mahakamani, mkono mwingine ukaiweka kwenye mimbari.

Na malkia mwenyewe alikuwa na damu ya huko. Babu yake, Henry wa Saba, alizaliwa katika ngome ya Pembroke 1457, katika ukoo wa Tudor wenye asili ya Wales. Watoto wa ukoo huo walipopanda kiti cha enzi, Wawelisi wengi waliwafuata London wakawa mawakili, askari, wafanyabiashara na wahudumu wa ikulu. Mtazamaji wa tamthilia aliyemcheka Mwelisi jukwaani huenda aliketi bega kwa bega na Mwelisi.

Hapo ndipo akina Fluellen wanapoingia. Katika Henry V ya 1599 yumo kapteni huyu Mwelisi, hodari, mbishi, mwenye kupenda vitabu vya vita vya kale. Matamshi yake yameandikwa yakiwa yamepinda: b yake mara nyingi inakuwa p. Mkenya akisikia mistari yake inasomwa kwa sauti, anakumbuka mara moja jinsi wachekeshaji wetu wanavyowaiga Wakalenjin, kwa kuwa ubadilishaji ni uleule. Nami naona ufanano unakwenda mbele zaidi ya sauti. Kuiga lafudhi ya Fluellen mbele ya watu wa Malkia mwenye damu ya Wales kulikuwa na mipaka yake: kapteni anachekesha, lakini hashindwi. Anayemdharau kwa sababu ya liki aliyovaa kofiani, alama ya Wawelisi, analazimishwa kuitafuna liki hiyo mbichi mbele ya watu. Mfalme mwenyewe, aliyezaliwa Monmouth, anatamka kwamba naye ni Mwelisi.

Kenya nayo ilikuwa na zamu yake. Utawala wa Daniel arap Moi ulipokuwa ukielekea ukingoni, vijana watatu, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, walijipatia jina kwa kikundi chao cha Redykyulass, na kilichoangusha watu kwa kicheko kilikuwa Mong'are akimwiga Rais. Miaka kumi kabla ya hapo hakuna ambaye angethubutu. Lafudhi iliyokuwa ya kukebehi watu wa mbali ilikuwa imepanda hadi Ikulu, na kuiga kwake kukawa tendo la kisiasa. Sina mfano bora zaidi wa kumweleza mwanafunzi wa Kenya kwa nini Fluellen anachekesha na kutisha kwa wakati mmoja.

Waandishi wengine wa London walikwenda mbali kuliko Shakespeare. Katika Patient Grissil, iliyoandikwa na Thomas Dekker, Henry Chettle na William Haughton na kuchapwa 1603, wamo mwungwana Mwelisi na mjane Gwenthyan, na maneno yao ya Kiwelisi yamechapwa kweli, ingawa yameharibiwa na watu wa kiwandani wasioyajua. Thomas Middleton, katika A Chaste Maid in Cheapside ya 1613, alitunga onyesho ambalo mimi nalihesabu kuwa kali kuliko yote. Tim, mtoto wa sonara, amerudi kutoka Cambridge akiwa amejaa Kilatini. Wazazi wanataka kumwoza mwanamke wa Wales wanayedhani ni tajiri wa milima na mifugo. Tim anamsalimia kwa Kilatini. Mwanamke hamwelewi, anamjibu kwa Kiwelisi, akimwuliza kama anaijua lugha hiyo. Naye Tim haelewi, ila kwa kuwa hawezi kukiri kwamba hajui, anamsifu kuwa ni msomi mwenye lugha nyingi. Hadhira inawacheka wote wawili, lakini aliyejivika ujinga ni yule mwenye shahada.

Baada ya Middleton sitakaa sana. Kumbi za London zilifungwa 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, na Mwelisi wa jukwaani alibaki kuwa kichekesho cha kawaida. Kilichotokea kwa lugha yenyewe ndicho kinachotugusa. Katika karne ya 19, katika baadhi ya shule za Wales, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni kilichoandikwa herufi W na N. Alikivua kwa kumsikia mwenzake akikosea na kumpa yeye. Jioni, aliyekutwa nacho alichapwa. Ngũgĩ ameeleza utaratibu wa shule za Kenya baada ya 1952: kifungo kilipita kutoka mkono hadi mkono miongoni mwa watoto waliosikika wakisema Kigĩkũyũ, na mwisho wa siku mwalimu aliwafuatilia wote nyuma mmoja mmoja, adhabu ilikuwa viboko, au kuvishwa bamba la chuma lenye maneno ya kumtukana mvaaji. Ni kifaa kilekile. Kilisafiri pamoja na elimu iliyotuletea Henry IV.

Tuje sasa Nairobi. Ukumbi wa Taifa wa Kenya ulifunguliwa Novemba 1952 na mwigizaji wa Kiingereza Sir Ralph Richardson, wiki chache baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba. Uko kwenye barabara ambayo leo ina jina la Harry Thuku, ukitazamana na hoteli ya Norfolk. Chuo Kikuu cha Nairobi kiko jirani, na jumba la utangazaji, baada ya Uhuru Sauti ya Kenya na leo KBC, liko kwenye barabara hiyohiyo. Kwa muda mrefu baada ya Uhuru, jukwaa hilo lilibaki na tabia liliyozaliwa nayo. Oktoba 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo na Betrayal in the City ya Francis Imbuga zilipohitaji ukumbi kabla ya kwenda kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos, zilipewa siku chache tu, zikibanwa katikati ya maonyesho ya wageni. Na hizo zilikuwa kwa Kiingereza.

Ili kuona jambo lilivyogeuka mwaka uliofuata, lazima utoke mjini. Ukiwa Parklands, Barabara ya Limuru inapita kando ya City Park na hospitali ya Aga Khan, inaiacha Muthaiga upande mwingine, kisha inapanda Gigiri, Ruaka na Banana hadi kwenye mashamba ya chai. Huko ndiko Kamĩrĩĩthũ iliko. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na wa mashamba, wengine wakiwa wamejifunza kusoma katika kituo cha kijiji, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukalisha watu wapatao 2,000. Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika igizo la Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ, na wanakijiji wakaisahihisha wakati wa mazoezi: mzee alisema mzee hazungumzi hivyo, fundi akasema bosi hamjibu mfanyakazi hivyo. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kilifutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akafungwa Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978.

Tunapoikumbuka hadithi hii huwa tunasema igizo lilipigwa marufuku kwa sababu ya siasa yake, na hilo ni kweli. Lakini Petals of Blood, riwaya ya Ngũgĩ kwa Kiingereza iliyotoka mwaka huohuo wa 1977, iliwashambulia matajiri wapya kwa ukali uleule, na Waziri wa Fedha Mwai Kibaki alihudhuria uzinduzi wake. Tofauti ilikuwa nani anasikia. Mchuuzi wa Limuru hakuisoma riwaya. Igizo aliliona, alilielewa, akaimba.

Kisha 1982. Kikundi kilekile kiliandaa Maitũ Njugĩra, mchezo wa nyimbo kuhusu enzi za kipande na mateso ya mashamba ya walowezi, na nyimbo zake zilitoka katika makabila kadhaa ya Kenya. Hii haikuwa tena lugha moja ya kijiji kimoja. Ilikuwa lugha nyingi zikisimama pamoja, na zilitaka kusimama katika Ukumbi wa Taifa. Februari waigizaji walipofika Barabara ya Harry Thuku walikuta milango imefungwa na polisi wamewekwa. Wakahamia ukumbi wa Chuo Kikuu, jirani tu, wakaendelea na kile walichokiita mazoezi. Watu walimiminika usiku baada ya usiku, hawakutoshea ndani, wakasimama kwenye ngazi na madirishani. Nako pia wakazuiwa. Machi kituo kilifutiwa usajili, na polisi wakaja Kamĩrĩĩthũ kwa malori wakaubomoa ule ukumbi wa wazi. Juni Ngũgĩ alisafiri kwenda London kuzindua tafsiri ya riwaya yake, akapata habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakukanyaga Kenya tena hadi 2004.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikiendelea hatua chache kutoka kwenye milango hiyo, katika studio za jumba la utangazaji. Mzee Ojwang' Hatari alikuwa akichekesha taifa. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kijaluo, hasira zake zilijulikana hadi vijijini kusikokuwa na umeme, na mkewe wa jukwaani, Mama Kayai, alikuwa maarufu kama yeye. Ojwang' alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Mama Kayai ni Mary Khavere, Mluhya. Wanjau alivaa lafudhi ile kwa miongo mingi katika Vitimbi na vipindi vingine, kwa ustadi uliowafanya Wajaluo wengi wamdhanie ni wao, na alipofariki Julai 2015 aliombolezwa kila pembe ya nchi. Simlaumu. Ojwang' wake alikuwa na heshima yake, na mtu akilia kwa ajili ya mhusika, dharau haikuwa ndiyo shina la kicheko.

Lakini viweke viwili hivyo kando kwa kando kwenye barabara moja. Lafudhi ya Kijaluo ilikaribishwa kwenye televisheni ya serikali kila wiki. Wimbo wa Kijaluo, ulioimbwa na kundi la wakulima pamoja na wa Kigĩkũyũ na wa Kikamba, haukuruhusiwa kuingia Ukumbi wa Taifa. Dola haikuogopa sauti za makabila. Iliogopa pale sauti zile zilipoacha kuwa mapambo ya lugha nyingine zikawa na jambo la kusema. London ya 1597 ilimfanyia binti wa Glendower vizuri kuliko hivyo: haikumwandika, lakini ilimwachia jukwaa.

Katika mtaa wa Parklands suala hili lina sura yake, na halijasemwa vya kutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapa palikuwa mtaa wa Wazungu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia za Kihindi zilizokuwa zimebanana River Road na Ngara zilianza kuhamia, na kufikia Uhuru mtaa ulikuwa umebadilika. Nenda leo Diamond Plaza saa za jioni, wakati harufu ya mogo ya kukaanga na mishkaki imetanda, ukae tu usikilize. Mama anamkemea mtoto kwa Kigujarati, anamwagiza mhudumu kwa Kiswahili, anajibu simu kwa Kiingereza, na mhudumu, kijana wa Vihiga, anamtania mpishi kwa maneno ya Kihindi aliyoyaokota jikoni. Lugha hizo zote ni za Nairobi. Lakini kwenye vichekesho vyetu, Mhindi ana usemi mmoja tu: Kiswahili cha dukani kilichokatwa viambishi, cha mtu anayehesabu pesa. Ni Fluellen asiye na cheo cha kapteni, ambaye hakuna anayemlisha liki anayemdharau.

Kigujarati kina majukwaa yake ya ndani. Kundi la tamthilia likija kutoka Mumbai, kumbi za jumuiya kama Oshwal Centre hujaa, na jirani asiyekijua hata hajui kulikuwa na onyesho. Aliyevunja ukuta huo ni Shailja Patel, Mkenya wa kizazi cha tatu, mzaliwa wa familia ya Kigujarati, kwa mchezo wake wa Migritude. Alianza kuuigiza Marekani katikati ya miaka ya 2000, kisha akauleta Nairobi, na 2010 ukatoka kama kitabu. Anasimama peke yake jukwaani na sari alizopewa na mama yake, anaeleza kufukuzwa kwa Wahindi Uganda 1972, anaeleza Wamaasai na Wasamburu waliodhulumiwa na wanajeshi wa Uingereza, na Kigujarati kinaingia kama lugha ya mama yake, bila lafudhi ya kuchekesha. Mwaka 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Patel alikuwa amekwisha kulifanya jambo hilo jukwaani bila gazeti la serikali.

Aprili 2012 duara lilifika London. Jumba la Globe lilialika maigizo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Kigujarati kilikuwemo, kutoka Mumbai. Kiurdu na Kihindi vilikuwemo. Sudan Kusini, nchi iliyokuwa haijatimiza hata mwaka, ilileta Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba, igizo ambalo sehemu yake inatokea katika milima ya Wales. Kiwelisi hakikuwemo. Na The Theatre Company ya Nairobi, ikishirikiana na Bitter Pill ya Uingereza, ilileta The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, tafsiri ya Joshua Ogutu, chini ya wakurugenzi Daniel Goldman na Sarah Norman.

Igizo hilo, kati ya yote, lina Mwelisi mkubwa. Sir Hugh Evans ni kasisi na mwalimu wa shule, Kiingereza chake kinamkwama mdomoni, na kuna onyesho zima ambalo anamfundisha mtoto Kilatini huku mwanamke wa nyumba anasikia kila neno la Kilatini kama tusi. Mwelisi amepewa kazi ya kuwafundisha watoto wa Kiingereza lugha ya wasomi, na bado anachekwa. Mwishoni Falstaff, mnene na mlaghai aliyeaibishwa na wanawake, anaona fedheha yake imezidi kwa sababu hata mtu anayekiponda Kiingereza namna ile amepata nafasi ya kumkejeli.

Falstaff wa Kiswahili alikuwa Mrisho Mpoto, mghani mashuhuri wa Tanzania. Waliomzunguka walikuwa waigizaji wa Nairobi. Mswahili yeyote ukumbini aliweza kusikia: mtu wa Dar es Salaam, mwenye Kiswahili kinachohesabiwa cha kina katika mabishano yetu yote ya Afrika Mashariki, akizidiwa ujanja na wanawake wanaozungumza Kiswahili cha bara, kile tunachoambiwa kila mara kuwa ni kibovu. Uhusiano wa lafudhi ambao Shakespeare aliujenga kati ya Falstaff na Evans ulipata maskani mapya ndani ya lugha yetu. Kwangu hilo ni la thamani kuliko kutafuta kabila la Kenya la kumvisha Evans.

Nairobi yenyewe ilichukua muda zaidi. Katiba ya 2010, ibara ya 7, imeifanya kazi ya dola kuendeleza lugha zote za watu wa Kenya. Mei 2022, Nairobi Performing Arts Studio, chini ya mkurugenzi Stuart Nash, ilipandisha Ngaahika Ndeenda katika Ukumbi wa Taifa, baadhi ya maonyesho kwa Kiingereza na mengine kwa Kigĩkũyũ. Ilikuwa miaka 45 tangu kibali cha Kamĩrĩĩthũ kifutwe na 40 tangu milango ya Harry Thuku ifungwe. Watu walinunua tiketi wakaingia. Ngũgĩ alikuwa Marekani, na alifariki huko tarehe 28 Mei 2025.

Maitũ Njugĩra inastahili kupata zamu yake katika ukumbi huohuo, na nyimbo zake zote kwa lugha zake zote. Na kundi lolote la Nairobi litakalothubutu kuicheza Henry IV kwa Kiswahili litafika kitendo cha tatu na kukuta ile nafasi tupu, ambayo mtafsiri hana la kuifanyia. Itabidi mwigizaji alete maneno yake mwenyewe. Anaweza kuwa binti wa Parklands aimbe kwa Kigujarati, au msichana wa Loiyangalani, au wa Mukogodo ambako wazee wanaokikumbuka Kiyaaku ni wachache mno, na baba wa jukwaani awe anaielewa lugha hiyo kweli ili amjibu.